Aliyecheza na Aliyesoma: Nani Amfundishe Mtoto Wako?

Ukipita jioni kwenye viwanja vya Dar es Salaam, iwe Tandika, Mbagala, Buza, Mwananyamala au Kawe, ubishi huu hutaukosa. Kijana amemaliza shahada ya elimu ya viungo pale Chuo Kikuu, Mlimani, amekuja na koni zake na filimbi mpya, na wazee wa timu waliokaa kivulini wanaulizana, "Huyu kacheza wapi?" Uwanja wa pili kuna kocha aliyelea vijana wa mtaa mzima kwa miaka mingi, na wazazi wa siku hizi wanamuuliza, "Mwalimu, leseni yako ni daraja gani?" Kila upande una dharau yake, na katikati ya ubishi yuko mtoto wa miaka 13 anayesubiri mazoezi yaanze.

Nawaandikia wote wanaohusika na mtoto huyo: mzazi, kocha aliyecheza, kijana aliyesoma na kiongozi wa timu anayeshika mfuko. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Uzoefu una maswali unayoyajibu vizuri kuliko kitabu chochote, na yapo maswali ambayo uzoefu hauwezi kuyajibu hata mtu akikaa uwanjani miaka 50. Madhara tunayoyaona kwa vijana wetu hutokea pale mmoja anapojibu swali la mwenzake.

Nianze na uzoefu, maana ndio unaodharauliwa zaidi siku hizi. Kuna kocha mmoja mkongwe Tandika ambaye napenda kumtazama kabla mazoezi hayajaanza. Vijana wanaingia mmoja mmoja, wanampa shikamoo, naye anaitikia marahaba huku macho yakiwa miguuni mwao. Anamwona anayekanyagia ncha ya mguu. Anamwona aliyeazima viatu vya njumu vilivyomzidi. Anamwona aliyekuja na midomo mikavu kwa sababu tangu asubuhi ameshindia chai ya rangi. Siku kama hiyo hawapi dakika 90 walizozoea. Anawapa 50, nyingi zikiwa za kuchezea mpira kwenye nafasi ndogo, kisha anawaruhusu. Ukimuuliza sababu, jibu lake ni fupi: "Leo hawana kitu." Hakuna saa ya kupimia mapigo ya moyo itakayompa mtu habari hiyo mapema kiasi hicho.

Uzoefu unajua mahali pia. Unajua kwamba mchanga wa Mbagala ukikauka mpira haudundi na mtoto anajifunza kuuchukua kwa kuuvuta, na kwamba masika yakiingia mwezi wa tatu nusu ya uwanja inakuwa bwawa, kwa hiyo mpango wa wiki nane ulioandikwa kwenye kompyuta utakufa wiki ya pili. Unajua kwamba mwezi wa Ramadhani mazoezi ya saa kumi ni kuwatesa waliofunga, na kwamba ukisogeza kidogo karibu na magharibi, au ukahamishia usiku baada ya tarawehe pale penye taa, hutapoteza mchezaji. Na unajua nyumba. Mama wa Yombo Vituka anamwachia kocha binti yake kwa sababu kocha huyo alikwenda kwake, akakaa ukumbini, akajieleza. Cheti hakifungui mlango huo.

Ushahidi mkubwa wa upande huu tunao hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1976 mtawa wa Ireland, Bruda Colm O'Connell, alifika shule ya St. Patrick's, Iten, nchini Kenya, kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Alijifunza kwa kutazama watoto wakikimbia, mwaka hadi mwaka, na mmoja wa waliopita mikononi mwake ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, rekodi ya dunia. Watu wa "kucheza ndiyo shule" hupenda kumtaja bruda huyu. Mimi nawaomba wamtaje mpaka mwisho. Mtu huyu alikuwa mwalimu. Alikaa shule ya bweni, aliwaona watoto asubuhi, mchana na usiku, akawaona waliopanda na walioumia, na aliendelea kuuliza. Miaka 30 ya namna hiyo ni tofauti sana na mtu aliyeufanya mwaka mmoja akaurudia mara 30.

Kenya hiyohiyo ina Patrick Sang, kocha wa Eliud Kipchoge. Sang alishinda medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, na alisoma Chuo Kikuu cha Texas kule Marekani. Alikimbia na alisoma. Mwanafunzi wake Kipchoge anajulikana kwa jambo moja ambalo vijana wetu wangeweza kuliiga kesho bila senti nyingi: kila siku ya mazoezi anaiandika kwenye daftari. Nitalirudia daftari hilo hapa chini, kwa sababu ndipo aliyecheza na aliyesoma wanapoweza kukutana bila ugomvi.

Sasa upungufu wa uzoefu. Ukikaa kijiwe chochote cha mpira Mbagala, utasikia jina la Mbwana Samatta, na ni haki yao kujivunia. Kijana wa Mbagala aliyepitia African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe mwaka 2011, akawa bingwa wa Afrika mwaka 2015, akachezea Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kusajiliwa na klabu ya Ligi Kuu ya England, Aston Villa. Lakini angalia jina lake linavyotumika. Mtu anasema: "Sisi hapa tulicheza peku, juani, bila kupasha misuli, na Samatta akatoka." Hoja hiyo inamhesabu aliyetoka na kuwaacha waliobaki njiani. Yule aliyechomoka goti akiwa na miaka 16 haji tena uwanjani. Leo anaendesha bodaboda Kongowe au amefungua kibanda cha miamala, na kocha wake wa zamani akikutana naye wanasalimiana vizuri, wala hakuna anayesema kwamba mazoezi yale ndiyo yaliyomtoa. Macho ya kocha, hata yawe makali vipi, yanaona waliopo. Anayehesabu waliopotea ni mtafiti, kwa sababu kazi yake inaanza kwa kuandika majina ya wote siku ya kwanza na kuwafuata wote mpaka siku ya mwisho.

Nitoe mfano wa karibu na maisha yetu. FIFA walitengeneza mpango wa kupasha misuli unaoitwa FIFA 11+. Ni mazoezi 15 yanayochukua dakika 20. Dakika 8 za mwanzo ni mbio za polepole na kufungua nyonga. Dakika 10 ni za nguvu, mizani na kuruka. Dakika 2 za mwisho ni mbio za kasi na kubadili mwelekeo. Hakuna kifaa kinachohitajika zaidi ya mpira, na ndala zinatosha kuwa koni. Watafiti wa Nigeria waliupeleka Lagos, jiji la pwani lenye joto na msongamano kama letu, wakachukua timu 20 za vijana wa miaka 14 hadi 19, jumla wachezaji 416. Nusu ya timu zikafuata mpango huo, nusu zikaendelea na walichozoea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: timu zilizofuata mpango zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41. Hakuna kocha ambaye angeweza kuliona hilo kwa macho yake kwenye timu moja, hata angekuwa mkongwe kiasi gani, kwa sababu kwenye timu moja msimu mmoja unakuwa na bahati na mwingine unakuwa na nuksi.

Ukitaka zoezi moja tu la kuanzia, chukua hili la nyuma ya paja, maana kuvuta nyama za paja ndiko kunakowatoa wengi wenye kasi. Mchezaji apige magoti kwenye mkeka au majani, mwenzake amshike vifundo vya miguu kwa nguvu. Mwili ukiwa umenyooka kuanzia magotini hadi kichwani, ainame mbele polepole, akijizuia kwa nyama za nyuma ya paja mpaka zishindwe, kisha ajipokee kwa mikono. Anayeanza afanye mara 3 hadi 5 tu, maana kesho yake atatembea kwa shida. Tafiti nyingi zikijumlishwa pamoja zinaonyesha kwamba timu zinazolifanya zoezi hili hupunguza majeraha ya nyama hizo karibu kwa nusu.

Suala la mabinti linanigusa zaidi. Mpira wa wanawake umekua mbele ya macho yetu. Klabu ya JKT Queens iko hapahapa Mbweni, Kinondoni. Mwaka 2022 Serengeti Girls, chini ya kocha Bakari Shime, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India, wakiifunga Ufaransa 2-1 njiani. Mabinti wengi wa mtaani wanafundishwa na makocha ambao maisha yao yote walifundisha wavulana. Hapo uzoefu wa miaka 20 hausaidii, kwa sababu goti la binti lina hatari yake: kano ya katikati ya goti huchanika kwa wasichana mara 2 hadi 3 zaidi ya wavulana wanaocheza mchezo uleule. Kocha aliyezoea wavulana hawezi kujua hili kwa kukumbuka, ni lazima aambiwe. Na akishaambiwa, cha kufanya ni rahisi. Mwambie binti aruke na kutua kwa miguu miwili, wewe ukiwa mbele yake. Tazama magoti. Yakiingia ndani na kukaribiana wakati wa kutua, mfundishe kutua kwa kukunja magoti na nyonga, magoti yakielekea vidole vya miguu, bila kishindo. Afanye hivyo kila siku ya mazoezi kabla ya mpira. Akishaweza kwa miguu miwili, ahamie mguu mmoja.

Yako mambo mengine ambayo uwanjani tumerithishana kwa nia njema na yanaumiza. Maji, kwa mfano. Bado kuna timu ambazo mtoto akiomba maji katikati ya mazoezi anaambiwa atapata kichomi, au avumilie awe mwanaume. Joto la Dar kuanzia Desemba hadi Machi linakuja na unyevu wa bahari, jasho halikauki, na mwili unashindwa kujipoza. Waache wanywe kila baada ya dakika 15 au 20, na mazoezi ya mbio yawekwe jioni jua likishapungua. Mchezaji akianza kuweweseka au kutembea kama mlevi huku mwili unawaka, hilo ni joto limepanda kichwani na ni dharura. Mvue jezi, mmwagie maji ya baridi mwili mzima bila kuacha, tafuta barafu za dukani uziweke shingoni, kwapani na kwenye kinena. Apozwe kwanza palepale, gari la hospitali litafuata.

Kichurachura kama adhabu nacho kiachwe. Mtoto aliyechelewa kwa sababu daladala lilikwama Mtoni anarushwa kichura kuzunguka uwanja, na kesho ana mechi. Kwa watoto wa miaka 12 hadi 15, ambao mifupa inarefuka upesi, kuruka huko kwingi huamsha maumivu chini ya pia ya goti, pale panapoota kivimbe kigumu. Kocha anadhani mtoto ni mvivu. Si uvivu. Pale msuli wa paja unapojishikiza kwenye mfupa bado hapajakomaa, panavutwa. Mpunguzie kuruka na mbio kwa wiki kadhaa, mwache aguse mpira kwa utulivu, na mara nyingi ataendelea bila kupoteza msimu.

Enka iliyoteguka leo isichuliwe leo. Maji ya moto na dawa ya kuchua kwenye jeraha bichi huzidisha uvimbe. Siku mbili za mwanzo ni barafu juu ya kitambaa, bandeji ya kubana kiasi, mguu uinuliwe. Kama hawezi kukanyaga hata hatua nne, apelekwe kupigwa picha hospitali ya Temeke au Mwananyamala. Mchuaji aje baadaye, ana kazi yake. Aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu, hata kwa sekunde chache, au akauliza "tunacheza na nani?", atoke na asirudi siku hiyo, hata iwe fainali ya ndondo na mtaa mzima umejaa pembeni. Hapa nawasemesha pia walimu wa ngumi wa Manzese na Keko: kijana aliyeumwa kichwa baada ya kupigana mazoezini asivalishwe glovu tena wiki hiyo mpaka daktari amwone, na kuvaa manailoni kukimbilia uzito kunakausha maji ambayo ubongo wake unayahitaji ulingoni.

Na moyo. Tarehe 26 Juni 2003 Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani mjini Lyon, dunia nzima ikitazama, akafariki. Kwetu, Desemba 2016, Ismail Khalfan wa timu ya vijana ya Mbao FC ya Mwanza alianguka uwanja wa Kaitaba, Bukoba, naye akafariki. Vifo kama hivi haviwezi kuzuiwa vyote. Ila jueni la kufanya. Mchezaji akianguka, haitiki na hapumui kawaida, msimpepee wala msihangaike kumwagia maji usoni. Mmoja apige simu, mmoja atafute gari, na mmoja apige magoti aweke mikono katikati ya kifua na kukandamiza kwa nguvu, sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wakipokezana bila kusimama. Chama cha Msalaba Mwekundu hufundisha huduma hii. Timu inayonunua seti mpya ya jezi kila msimu haina sababu ya kukosa watu wawili wanaoijua.

Nimeusema uzoefu sana, sasa nimgeukie kijana wetu wa Mlimani, au aliyetoka Chuo cha Michezo Malya kule Kwimba. Ndugu yangu, ulichosoma ni cha kweli, lakini kimeandikwa juu ya mtu mwingine. Programu ile ya wiki uliyonakili iliandikwa kwa mchezaji anayelala kitandani kwa saa nane, anayekula mara tatu, mwenye mtaalamu wa kumnyoosha misuli na timu moja tu. Mchezaji wako wa Buza asubuhi alikuwa na mechi ya shule akijiandaa na UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, saa kumi yuko kwako, na Jumapili kaitwa na timu ya ndondo ya mtaa wa pili kwa nauli na sahani ya wali. Kwenye daftari lako umemwandikia mazoezi matatu. Mwili wake umefanya saba. Ukimpa mbio za nguvu Jumatatu kwa sababu kitabu kinasema Jumatatu ni siku ya nguvu, wewe ndiye utakayemvunja, na shahada yako itakuwa imetumika kuvunja.

Hapo ndipo daftari linapoingia. Kuna njia iliyoenezwa na mwanasayansi wa Marekani, Carl Foster, nayo haihitaji umeme. Nusu saa baada ya mazoezi au mechi, muulize mchezaji: kuanzia 0 hadi 10, kazi ya leo ilikuwa ngumu kiasi gani? Akisema 6, na mazoezi yalikuwa dakika 90, zidisha, andika 540. Muulize na zile mechi nyingine alizocheza usipokuwepo, bila kumgombeza, maana ukimgombeza ataficha. Ijumaa jumlisha. Kijana ambaye wiki zote anakaa kwenye 1,500 na wiki hii amefika 3,000 umpumzishe Jumamosi, hata kama ndiye mfungaji wako. Kisha mpelekee mzee wa timu daftari hilo na mlisome pamoja. Utashangaa mara ngapi jina ulilolizungushia kalamu ndilo ambalo yeye, kwa kumtazama tu akiingia uwanjani, alishasema halina kitu. Siku mtakapotofautiana mtakuwa na jambo la maana la kujadili, na kila mmoja atajifunza.

Kuingia kwako uwanjani nako kuna adabu yake. Usianze kwa kubadili. Msimu wa kwanza omba kuwa msaidizi, beba mipira, andika mahudhurio. Wape wazee heshima yao mbele ya vijana, na ukiona jambo baya mwambie kocha mkuu pembeni, wala usimwaibishe. Omba upewe dakika 20 za mwanzo tu. Hakuna anayezing'ang'ania dakika hizo, na ndizo zenye faida kubwa kuliko zote ulizosomea. Lugha nayo uiache darasani. Mchezaji hahitaji kusikia jina la Kilatini la msuli, anahitaji kuoneshwa mara moja na kusahihishwa mara kumi.

Na wewe uliyecheza, mwalimu wangu, nenda kozi. Najua unavyojisikia kukaa kwenye kiti cha plastiki ukifundishwa na mtu uliyempita umri. Nenda hivyohivyo. Ngazi za CAF zinaanza na Leseni D, kisha C, B, A na Pro, na mlango wa kuanzia ni ule wa chini. Fuatilia matangazo ya kozi kwenye ofisi za chama cha soka cha wilaya, KIFA kama uko Kinondoni, TEFA kama uko Temeke, na uliza wenzako wa TAFCA, chama cha makocha. Usidhani karatasi ni mambo ya wakubwa. Mwaka 2021 Didier Gomes, kocha Mfaransa wa Simba, alikwama kwenye masharti ya leseni ya CAF kwa mechi za Ligi ya Mabingwa, na klabu ikalazimika kutafuta mtu mwingine wa kusimama kwenye nafasi hiyo. Mwaka uliofuata, Septemba, Simba hiyohiyo ilimkabidhi timu Juma Mgunda, mtu wa Tanga aliyekulia kwenye mpira wa Coastal Union. Akazitoa Nyasa Big Bullets ya Malawi na Primeiro de Agosto ya Angola, akaifikisha Simba hatua ya makundi. Nafasi ikitokea, anaitwa aliye tayari pande zote mbili. Wapo wakongwe wa mitaa yetu wenye jicho zuri sana ambao hawataitwa kamwe, na mpira wetu unapoteza jicho hilo kwa sababu ya kozi ya siku chache.

Ukienda, usiende kuchukua cheti cha kutundika ukutani. Uliza. Wakikuambia jambo linalopingana na uliyoyaona kwa miaka 20, simama useme uliyoyaona. Mkufunzi mzuri atafurahi, kwa sababu huenda umeona jambo la mchanga na joto ambalo kitabu chake hakijafika. Ila ukirudi Tandika, jaribu lile jambo kwa msimu mzima, uandike, ndipo ulikatae.

Viongozi wa timu nawaambia kwa ufupi. Mkiwa na fedha ya kitu kimoja, mlipieni kocha kozi kabla ya kununua jezi. Mkiwa na fedha ya viwili, wekeni mkongwe na msomi kwenye benchi moja, muandike nani ana neno la mwisho kuhusu kikosi na nani ana neno la mwisho kuhusu majeruhi. La majeruhi lisiwe la anayetaka ushindi Jumapili hiyo.

Mzazi, nimekuweka mwisho kwa sababu wewe ndiye mwenye mtoto, na uamuzi ni wako. Usivutwe na jina la akademi wala picha za kocha akiwa na wachezaji maarufu. Wiki hii fika uwanjani kabla mazoezi hayajaanza, ukae pembeni dakika 20 za mwanzo. Tazama kama watoto wanapasha misuli kwa mpangilio au wanapiga mashuti wakiwa wa baridi. Tazama kama kuna maji. Kisha mpe kocha salamu, umuulize mambo matatu: mwaka jana wangapi waliumia na leo wako wapi, nani anajua kukandamiza kifua mtoto akianguka, na ni lini yeye mwenyewe alijifunza jambo jipya. Awe na shahada au awe alicheza Ligi Kuu, akikujibu kwa utulivu mwachie mtoto. Akikasirika kwa kuulizwa, mshike mwanao mkono mwondoke, viwanja vingine vipo.